Beringi ya Kijiji

Mjukuu wangu anayekaa Mwanza na wazazi wake hutujia Tarime kila shule zinapofungwa mwezi wa Desemba. Desemba iliyopita alishuka kwenye basi akiwa amebeba begi mgongoni, na mkononi ameshika skuta, ile ya watoto, yenye ubao wa kukanyagia, usukani mrefu na magurudumu mawili madogo kama visosi vya chai. Kwao Mwanza huiendesha juu ya sakafu ya saruji, na baba yake ameniambia kwamba pale inateleza bila sauti. Huku kwetu hakuna saruji ya kutosha hata ya kupiga lipu nyumba ya mwalimu. Kuna changarawe nyekundu na mawe yaliyochongoka, na njia zote ama zinapanda ama zinashuka.

Siku ya tisa alinijia uwanjani. "Babu," akasema, "skuta inaumwa."

Niliigeuza chini juu nikaitazama. Gurudumu la nyuma lilikuwa limelika upande mmoja kama kisigino cha kiatu cha mtu anayekanyaga upande. Sababu niliiona mara moja. Breki ya skuta ile ni bati lililokaa juu ya gurudumu la nyuma. Mtoto akitaka kusimama hulikanyaga, nalo linasugua gurudumu mpaka mwendo unakwisha. Kwenye uwanja tambarare hilo si neno. Kwenye mteremko wa kwetu, mtoto hukanyaga breki tangu juu mpaka chini, na changarawe zinasugua kutoka upande wa pili. Nilifanya lile ambalo madereva hufanya kwa tairi za magari yao: nililifungua la nyuma nikalipeleka mbele, la mbele nikalirudisha nyuma, tena kila moja nikaligeuza ule upande uliolika usikae pale ulipokuwa. Kwa dawa hiyo tulisogea mpaka Krismasi. Baada ya Krismasi yote mawili yalikuwa yamekwisha, na moja lilianza kuonyesha plastiki ngumu ya ndani.

Nilikwenda mjini kutafuta mengine. Tarime ya leo ina maduka ya vipuri kila kona, lakini ni vipuri vya pikipiki. Magurudumu ya skuta ya mtoto hakuna aliyekuwa nayo, na mwenye duka mmoja alicheka kabla sijamaliza kueleza. Nilimpigia simu mwanangu. "Baba, itupeni tu," akaniambia, "nitamnunulia nyingine." Alisema kwa wema, lakini neno lile halikunikalia vizuri. Sisi tuliokuwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1980 hatukujifunza kutupa kitu. Sijui kama hiyo ni busara au ni woga tu uliobaki mwilini.

Aliyetuokoa ni fundi wa katambuga anayekaa karibu na soko. Katambuga, kwa msomaji asiyezijua, ni kandambili zinazokatwa kutoka tairi kuukuu la gari. Zinavaliwa na wachungaji, wakulima na wachimba dhahabu, na mtu huzivaa mpaka azichoke yeye. Fundi hakuwa amewahi kuona skuta, lakini mpira aliujua. Alinyoa plastiki iliyolika mpaka akafika kwenye kiini kigumu, akakata ukanda mwembamba wa tairi la lori, akauzungusha juu ya kiini kwa gundi na skrubu fupi ambazo vichwa vyake alivizamisha ndani ya mpira. Mwisho akalisugua kwa msasa likawa duara. Nilipomwona akifanya hivyo nilikumbuka chukudu za Goma, zile skuta kubwa za mbao ambazo watu wa Kivu husomba kwazo viazi, mkaa na magunia ya kila namna. Magurudumu yake ni ya mbao, na juu yake huvikwa mpira wa tairi vivyo hivyo. Mwaka 2009 zilijengewa sanamu katikati ya mji wa Goma, na nadhani ni vyombo vichache vya maskini vilivyopata heshima ya namna ile.

Yakabaki maberingi. Kila gurudumu la skuta lina beringi mbili ndogo, namba 608, tundu lake milimita 8 na upana wa nje milimita 22. Nilizitoa nikaziosha kwa mafuta ya taa. Tatu zilizunguka zikikwaruza, ya nne ilikataa kabisa. Beringi ni kitu chepesi kukielewa: pete mbili, moja ndani ya nyingine, na katikati yao gololi za chuma zinazobingirika juu ya grisi. Nguvu yake yote iko katika ulaini wa njia zile za gololi. Chembe ya mchanga ikiingia, gololi huikanyaga na kuikanyaga tena, na kila mara inachora alama, na kila alama inazaa chembe nyingine ya chuma. Basi imekwisha, hata ungeiosha mara kumi.

Beringi mpya za namba ile nilizipata palepale mjini, kwa maana zinatumika katika vyombo vingi. Nilinunua nne. Jioni tulikaa barazani, nikaichukua moja nikaitia kwenye ncha ya kalamu, nikaizungusha kwa kidole. Ilizunguka muda mrefu sana bila sauti. Mjukuu wangu akacheka kwa furaha, akaniuliza, "Babu, na wewe ulikuwa na skuta?"

Nikamwambia ndiyo, nilikuwa nayo. Nikamweleza jinsi tulivyozitengeneza kwa mbao za mkaratusi, jinsi magurudumu yetu yalivyokuwa maberingi ya chuma yaliyokwisha kazi katika magari, na jinsi zilivyopiga kelele hata mbwa wakakimbia. Alizipenda habari hizo. Nilipofika mahali fulani nikanyamaza, nikamwambia aende akalale.

Mahali pale nilipopakimbia nitapaeleza hapa.

Mwaka 1983 nilikuwa darasa la tano katika kijiji kilicho mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka mjini Tarime, upande wa milimani. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa mpaka Novemba ya mwaka huo wa 1983. Lakini mpaka wetu haukuwa mto wala ukuta. Ulikuwa ng'ambo ya mashamba, na njia za panya zilijulikana hata kwa ng'ombe. Sabuni, mafuta ya kupikia, khanga, betri za redio, vyote vilipita usiku. Mwezi wa Machi ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, Sokoine akiwa waziri mkuu. Watu walifukia bidhaa mashambani, wengine walizitupa vichakani kwa hofu ya kukutwa nazo. Neno "mlanguzi" likawa tusi zito kuliko matusi tuliyoyazoea.

Kijiji kilikuwa na mashine yake ya kusaga. Injini ilikuwa Lister ya dizeli, yenye gurudumu zito la chuma na mlio uliosikika toka kilima hadi kilima, na mkanda mrefu uliotoka kwenye injini kwenda kuzungusha shafti ya kinu. Shafti ile ilibebwa na beringi mbili, moja kila upande, namba 6308. Namba hiyo niliijua nikiwa na miaka kumi na moja na sijaisahau: tundu milimita 40, upana wa nje 90, unene 23. Beringi ya upande mmoja ilipolika, shafti ilianza kucheza, na nyundo za kinu zikawa zinagonga chekeche. Fundi wa mashine alizima injini, akakataa kuiwasha tena mpaka ipatikane nyingine. Kila kaya ikachangishwa. Baada ya siku kadhaa beringi mpya ikafika, na hakuna aliyeuliza ilitoka wapi kwa sababu kila mtu alijua.

Fundi yule alikuwa mtu mwema kwa watoto. Ile beringi iliyolika alinipa mimi kwa mkono wake mwenyewe. "Chukua, mura," aliniambia, "ukaitie kwenye gari lako." Nilichonga mhimili wa mti, nikaipachika nyuma ya skuta yangu. Mbele nilikuwa na beringi ndogo ya Land Rover niliyobadilishana kwa gololi za kuchezea. Lakini ile ya mashine ilikuwa imechoka kweli. Siku ya kwanza iliyumba, siku ya pili gololi zikaanza kudondoka njiani moja moja, na wenzangu wakanicheka.

Beringi mpya niliiona dirishani mwa nyumba ya mashine, ndani ya karatasi ya mafuta. Ilikuwa saa saba ya mchana, fundi alikuwa amekwenda kula. Siwezi kusema kwamba nilidhani ni ya zamani. Nilijua ni mpya, tena nilijua inasubiri kufungwa. Nilijiambia nitaiazima kwa mchana mmoja tu na kuirudisha kabla ya jua kuzama, naye asingejua.

Haikutaka kuingia kwenye mhimili wangu, nikaigonga kwa jiwe mpaka ikaingia. Nikaenda nayo juu ya barabara ya shule nikashuka. Nilishuka mara tano, labda sita. Sijapata kuendesha chombo chochote kilichonipa raha kama ile, wala baiskeli, wala pikipiki niliyonunua baadaye kwa mkopo wa walimu. Mara ya mwisho nilisikia sauti imebadilika. Ilikuwa inasaga mchanga. Pete ya nje ilikuwa imemeguka mahali pawili kwa mawe, na kifuniko cha pembeni kilikuwa kimebonyea pale nilipogonga. Niliiosha kwa mafuta ya taa ya koroboi ya mama, nikaizungusha, ikasimama. Giza lilipoingia niliidumbukiza katika choo cha shule.

Mashine ilikaa kimya zaidi ya wiki tatu. Wanawake walirudi kwenye mawe ya kusagia ambayo mengi yalikuwa yamegeuzwa ya kukalia kuku. Mama yangu alisaga usiku, baada ya kazi zote, mtama na muhogo, na nililala nikiisikia sauti ya jiwe juu ya jiwe. Asubuhi mikono yake ilikuwa na malengelenge. Hakulalamika hata siku moja, na mimi nilikuwa nakula ugali ule.

Serikali ya kijiji ilikutana chini ya mwembe wa ofisi. Sisi watoto tulisimama mbali lakini tulisikia. Jambo lenyewe lilikuwa gumu kwao, kwa sababu hawakuweza kwenda polisi. Wangesema wameibiwa nini? Beringi isiyo na risiti, iliyopita njia za panya, katika mwaka ule? Basi kesi iliishia palepale mwembeni, na kesi isiyoweza kwenda mbele huwa haikosi mtu wa kubebeshwa. Fundi ndiye aliyekuwa na ufunguo. Wakasema ameiuza. Walimwita mlanguzi mbele ya mke wake. Akavuliwa kazi, na kabla ya mavuno alikuwa amehamisha familia yake kwenda ng'ambo ya mto Mara, upande wa Serengeti, ambako mashamba yalikuwa bado mapana.

Nilikuwa na nafasi ya kusema siku ile. Nilikuwa na nafasi nyingine nyingi baadaye: nilipomaliza shule, nilipooa, nilipoanza kufundisha watoto wa wenzangu kwamba wasiibe. Sikusema. Mtu akiuliza ilikuwaje niweze kukaa nalo miaka arobaini, jibu ni kwamba halikuwa gumu. Mambo ya namna hiyo hayapigi kelele.

Mjukuu wangu alirudi Mwanza na skuta yake yenye magurudumu ya tairi. Wiki iliyofuata niliingia duka la vipuri nikaulizia 6308. Walikuwa nayo, ndani ya boksi jipya, na haikuzidi mshahara wangu wa siku mbili. Nilikuwa nimeshaulizia kwa watu, nikajua mzee yule yu hai, anakaa vijijini huko kupita Mugumu, kwa mwanawe. Nikapanda gari asubuhi kupitia Nyamongo. Tulipita vilima vya mawe yaliyotolewa katika mgodi wa dhahabu ulioanza kuzalisha 2002, tukateremka bondeni, tukavuka Mara. Maji yalikuwa mengi na mekundu. Nilishika lile boksi mapajani kama mtu anayepeleka mahari kidogo kuliko alivyoagizwa.

Mwanawe nilimkuta kwenye mashine. Naye ni msagishaji, ila mashine yake ni ya umeme, haina mlio wa Lister. Nilijitambulisha kwa jina la baba yangu na kijiji chetu, akanipokea vizuri sana. "Mwalimu, karibu," akasema, "mzee atafurahi kuona mtu wa nyumbani. Ila utalazimika kupaza sauti. Masikio yake yaliliwa na injini."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kusema maneno yangu polepole, watu wawili tu, chini ya mti. Mzee alikuwa ameketi uani juu ya kiti cha kukunja, kofia kichwani, na karibu naye wakwe, wajukuu na majirani waliokuja kusalimia mgeni. Nikamwamkia, akanijibu. Nikamwambia mimi ni nani. "Eeh?" akasema, akaweka kiganja nyuma ya sikio. Nikarudia kwa sauti kubwa. Nikamwambia nimekuja kwa sababu ya beringi ya mashine ya kijiji, mwaka 1983. "Eeh?"

Basi nilipiga kelele. Nilisimama katika uwanja wa mtu nikapiga kelele kwamba niliiba mimi, nikaitia kwenye skuta, nikaiharibu, nikaitupa chooni. Kuku walitawanyika. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapeta ulezi aliuacha ungo. Niliporudia mara ya tatu nilijua mzee amesikia, kwa maana aliteremsha kiganja.

Hakusema kitu kwa muda. Nilimkabidhi boksi. Alilifungua, akaitoa beringi, akapapasa kwa kidole gumba ile namba iliyochongwa ubavuni, akaishika pete ya ndani kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto na kuizungusha ya nje kwa mkono wa kulia, karibu na sikio ambalo halisikii. Nadhani aliisikia kwa vidole.

"Ilikwenda vizuri?" akauliza.

Sikumwelewa.

"Siku ile. Ilikwenda vizuri?"

Nikapiga kelele kwamba ndiyo, mara tano au sita ilikwenda vizuri sana.

Akatikisa kichwa, si kwa hasira wala kwa furaha. Kisha akaanza kunieleza habari ambayo mimi sikuijua kamwe. Aliyeileta beringi ile kutoka Kenya alikuwa shemeji yake, ndugu wa mkewe wa tumbo moja. Siku ilipopotea, shemeji huyo alikuwa amepita pale kwenye mashine asubuhi kumsalimia. Fundi alifikiri hivi: aliyeileta anajua bei yake, anajua na mnunuzi wake, ameichukua ili aiuze mara ya pili. Kumtaja mbele ya kijiji hakuweza, kwa kuwa angemtia mikononi mwa operesheni, na mkewe angebaki bila ndugu. Akakubali kuitwa mlanguzi yeye. Lakini moyoni alimhukumu. Shemeji alikana, akaapa, akatuma wazee mara mbili. Fundi alivuka mto na hakumsalimia tena. Mkewe alikufa akiwa katikati yao.

"Alifariki 2009," akasema. "Walikuja kunipa taarifa. Sikwenda kumzika."

Wote pale uani walikuwa kimya. Mwanawe alikuwa ameinamisha kichwa. Ni wazi kwamba hata yeye alikuwa hajawahi kusikia sababu. Mimi nilikuwa nimekuja na deni moja ninalolijua, nikaonyeshwa la pili. Nilitaka kusema pole, na neno hilo ukilisema kwa kupiga kelele linageuka kitu kingine. Nikanyamaza.

Chakula kililetwa. Mzee alinawa, akaniambia nile. Tulikula ugali wa muhogo uliochanganywa na ulezi, na samaki. Hakuniambia amenisamehe na sikumwuliza. Tulipomaliza aliirudisha beringi ndani ya boksi, akampa mwanawe aiweke ndani, ingawa mashine yao, kama nilivyoona mwenyewe, haitumii namba ile.

"Mke wa shemeji yupo?" akaniuliza.

Nikamwambia yupo, nyumba ileile, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu.

"Basi, mura, utanipeleka."

Mvua za masika zikianza barabara ile huwa mbaya kwa mtu wa umri wake, kwa hiyo tumekubaliana na mwanawe kwamba nitamfuata zikikatika. Nimeshazungumza na mwenye gari dogo hapa Tarime, amekubali kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kwa yule mama nilikwenda Jumapili iliyopita, nikakaa, nikanywa uji wake, nikamwambia tu kwamba atapata mgeni kutoka Serengeti. Aliuliza nani. Nilimtajia, naye akanitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kama mzee huyo bado anaweza kutafuna nyama.